Miezi Saba ya Kutafuta Jina la Mlio: Tathmini ya Kliniki ya Usikivu Dar es Salaam

Kliniki ninayoitathmini ni ya binafsi, ya masikio, pua na koo, na ipo ghorofa ya pili katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nimekwenda hapo mara tatu kati ya Agosti na Oktoba, kwa sababu ya mlio usiokoma masikioni, na kila nilichotozwa nimelipa mwenyewe kwa fedha taslimu. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina sifa za kuipa na lawama pia, na lawama zenyewe ni za siku tatu tu nilizokuwepo mimi. Anayekusudia kupima masikio, popote alipo, atafaidika zaidi akijua ni vipimo gani nilifanyiwa, kwa utaratibu gani, na kitu gani kilikosekana.

Mimi ni msomaprufu, yaani mtu wa kusaka makosa katika chapa za majaribio. Kwa miaka 19 nimefanya kazi katika chumba kinachotenganishwa na mitambo ya kuchapa kwa ukuta wa mbao tu, na upande wa pili wa ukuta huo ipo mashine ya kukunja karatasi ambayo kelele zake tumezizoea kiasi kwamba tunashtuka inaponyamaza. Prufu za hati za kisheria na za vitabu vya hesabu bado tunazisoma watu wawili: mmoja anasoma muswada kwa sauti, pamoja na koma na nukta zake, na mwenzake anafuata kwenye prufu akiwa na kalamu nyekundu. Mwezi Machi mwenzangu alisoma «thamani ya nyumba», prufu ilikuwa imeandikwa «samani ya nyumba», nami nikasikia kile nilichokiona. Kosa lilipita, likachapwa, na mteja akalirudisha kwa hasira anayostahili kuwa nayo mtu ambaye nyumba yake imegeuzwa kuwa makochi.

Mlio wenyewe ulikuwa umetangulia kwa muda ambao siwezi kuutaja kwa uhakika. Ulikuwa mwembamba na wa juu, kama wa nyenje aliyejificha nyuma ya kabati, katika masikio yote mawili lakini zaidi la kushoto. Mchana ulifunikwa na kelele za kazi, na usiku ulikuwa peke yake. Nilikuwa nikimwamsha mke wangu nikimuuliza kama na yeye anausikia, mpaka shangazi yangu alipotuarifu kwamba hakuna ugonjwa hapo, ni watu tu wananiteta. Kama ni hivyo, basi walinisengenya miezi saba bila kupumzika.

Kabla ya kufika kwenye kliniki hii nilipita njia ambayo nadhani wengi wameipita. Duka la dawa waliniuzia matone bila mtu yeyote kutazama ndani ya sikio, jambo ambalo baadaye niliambiwa si la kufanyia mzaha, kwa sababu baadhi ya matone yana dawa zinazoweza kudhuru sikio la ndani endapo kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu la sikio, kimetoboka. Zahanati moja, ambayo nayo haina haja ya kutajwa, ilinimulika masikio yote mawili kwa muda usiofika dakika moja, ikanitangazia kwamba ni mazima, ikaniandikia vitamini za mwezi mzima. Ninachowalaumu nacho ni kutosema kwamba hawakupima. Mtu anayeambiwa «masikio yako ni mazima» huenda nyumbani akiamini kwamba usikivu wake umechunguzwa, kumbe kilichotazamwa ni njia ya kuingilia tu, sawa na kukagua nyumba kwa kusimama mlangoni.

Kilichonisukuma ni programu ya simu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo hearWHO, iliyozinduliwa mwaka 2019. Inakusomea tarakimu tatu tatu katikati ya kelele, nawe unabonyeza ulichosikia. Nilisikiliza tarakimu za Kiingereza, nikapata alama zilizoangukia katika kundi la watu wanaoshauriwa kwenda kupimwa. Ni ya bure na inafaa kuwa hatua ya kwanza, mradi mtu asiichukulie kama kipimo kamili.

Sasa nije kwenye kliniki yenyewe, na nianze na mapokezi, kwa kuwa ndipo inapoanguka vibaya kuliko mahali pengine popote. Dada wa mapokezi huketi nyuma ya kioo chenye tundu dogo, barakoa mdomoni, na kuita majina ya wagonjwa kwa sauti ya kawaida huku feni mbili zikizunguka na televisheni ikitangaza. Wanaoitwa ni watu waliokuja kwa sababu hawasikii. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja aliitwa mara mbili asisikie, akarukwa, na alipouliza kwa nini wengine wanaingia kabla yake akaambiwa, «Tumekuita, baba, hukuitika.» Kijana wake alikuwa ameshuka chini kutafuta maegesho. Hakuna ubao wa namba, hakuna karatasi ya foleni, na mabadiliko ya miadi hutolewa kwa kupigiwa simu badala ya ujumbe wa maandishi. Miadi yangu ya saa tatu asubuhi ilianza saa tano kasorobo, lakini hilo ningeweza kulisamehe.

Nilipoingia kwa mtaalamu wa usikivu, swali lake la kwanza lilikuwa nimetoka wapi. Nikamweleza kwamba nimetoka zamu ya usiku na kwamba nimekuja kwa daladala. Akaniuliza kama daladala ilikuwa na muziki; nikacheka, kwa sababu sijui ni ipi isiyo nao. Akaahirisha kipimo papo hapo. Alinieleza kwamba sikio lililotoka kwenye kelele kubwa huchoka kwa muda, hivyo likipimwa siku hiyo huonekana baya kuliko lilivyo, na kwamba ananitaka nikae mbali na kelele kwa saa kumi na nne au zaidi kabla ya kurudi. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na nimesubiri karibu saa mbili. Baadaye nilitambua kwamba huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza kwamba nimefika kwa mtu anayejali usahihi wa namba atakazoandika. Kosa ni la kliniki, ambayo ingeweza kunitumia sentensi moja kwa simu siku moja kabla, ikaniokolea nauli na siku nzima.

Nilirudi Jumatatu nikiwa nimeshinda Jumapili nyumbani kama mwali. Daktari ndiye aliyeanza, na mazungumzo yake yalichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wenyewe, jambo ambalo sikulizoea. Aliuliza kama mlio unadunda kwa kufuata mapigo ya moyo, kama uko upande mmoja tu, kama nilishapata kizunguzungu cha kuona nyumba inazunguka, na kama usikivu ulipotea ghafla au kidogo kidogo. Aliuliza pia dawa nilizowahi kutumia: sindano za kifua kikuu, jentamisini, aspirini kwa wingi, na kwinini. Hapo nilikumbuka jambo ambalo kila mtu wa umri wangu analijua. Nikiwa shule ya sekondari nilitundikiwa dripu ya kwinini kwa malaria kali, na masikio yalivuma siku kadhaa kabla ya kutulia. Alisema kuvuma huko kwa kawaida hupita dawa inapokwisha, hivyo hakudhani ndiko chanzo, lakini aliandika. Nilipenda kwamba aliandika.

Ndani ya sikio la kulia alikuta nta iliyosukumwa na vijiti vya pamba mpaka karibu na kiwambo. Aliitoa kwa kifaa cha kufyonza, bila maumivu ila kwa kelele ya kuogofya, kisha akanionya niache vijiti hivyo, vifuniko vya kalamu na unyoya wa kuku, ambao nakiri kwamba nimerithi kwa babu yangu na nilikuwa nikiutumia kwa raha kubwa. Akagonga chuma chenye umbo la uma, akakiweka kwenye paji la uso, nyuma ya sikio, kisha mbele ya tundu la sikio. Matokeo hayakuonyesha kasoro. Hakukomea hapo akanipongeza. Alisema uma ule hutoa sauti ya hezi 512, yaani mitetemo 512 kwa sekunde, na tatizo la mtu anayechanganya «thamani» na «samani» linakaa juu zaidi ya hapo.

Chumba cha kupimia ni kisanduku chenye kuta nene na dirisha dogo la kioo. Mlango ulipofungwa nilikutana na mlio wangu uso kwa uso, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusikia, na nawashauri watakaokwenda wajiandae kwa hilo ili wasiogope. Unavaa visikizi, unashika kitufe, na unabonyeza kila unaposikia mlio wa mashine hata ukiwa hafifu kiasi cha kujitilia shaka. Sauti huanzia nzito za hezi 250 hadi nyembamba za hezi 8000. Kisha kifaa kingine huwekwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kipeleke mtetemo moja kwa moja kwenye sikio la ndani bila kupitia kwenye kiwambo. Njia hizo mbili zikilinganishwa huonyesha kama kizuizi kiko nje na katikati ya sikio au kama shida iko ndani kabisa na kwenye mshipa wa fahamu. Wakati wa sehemu hiyo sikio jingine lilijazwa mvumo kama wa maji ya bomba, ili lisimsaidie mwenzake kuiba majibu. Kipimo cha tatu, cha kuziba sikio kwa mpira laini na kubadili shinikizo la hewa ili kuona kiwambo kinavyocheza, kilikuwa cha sekunde chache na kilikuwa sawa pande zote mbili.

Shida niliyoiona ndani ya kisanduku ni moja: mlango haufungi vizuri. Nilisikia simu ikiita nje mara mbili, na mara moja nikabonyeza kitufe kwa kuifuata. Nilimwambia mtaalamu, naye akarudia kiwango hicho bila kinyongo.

Halafu likaja jambo ambalo limenikera kikazi kuliko yote. Baada ya milio, mgonjwa husomewa maneno na kutakiwa kuyarudia, ili ijulikane anaelewa kiasi gani cha maneno anayoyasikia. Orodha ilikuwa ya Kiingereza, maneno ya silabi moja moja. Nilikosa kadhaa, na mpaka leo sijui ni mangapi niliyakosa kwa sababu ya masikio na mangapi kwa sababu sijawahi kukutana nayo. Mimi angalau nimeishi na karatasi za Kiingereza. Mama mwenye kilemba aliyekuwa akisubiri nje, ambaye tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu bei za vitunguu, angepimwa nini hasa kwa orodha ile? Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2021 lilisema zaidi ya watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hawa hawawezi wote kupimwa kwa msamiati wa watu wengine. Kiswahili kinajitosheleza kwa kazi hii. Maneno yetu mengi ni ya silabi mbili na huishia na irabu, na tunayo majozi yanayotofautiana kwa sauti moja tu hafifu: shika na fika, saa na faa, suka na shuka na fuka. Nilimwandikia mtaalamu orodha ya majozi ishirini nyuma ya stakabadhi nikiwa bado kwenye kiti. Aliipokea kwa heshima na akakiri kwamba kwa wagonjwa wengine huwa anabuni maneno yake mwenyewe, ingawa matokeo yake hawezi kuyalinganisha na ya mtu mwingine.

Mlio nao ulipimwa, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Alinichezea sauti mbalimbali nichague inayofanana na ya nyenje wangu, tukaafikiana kwenye hezi 6000. Kisha akatafuta ukubwa wake, nao ukawa desibeli (kizio cha kupimia ukubwa wa sauti) sita tu juu ya sauti ndogo kabisa ninayoweza kuisikia katika kiwango hicho. Nilidhani mashine imekosea. Kitu kilichokuwa kikininyima usingizi kwa miezi kilikuwa, kwa kipimo, kitu kidogo sana, na akanieleza kwamba kwa watu wengi huwa hivyo, kwa kuwa usumbufu wa mlio haulingani na ukubwa wake. Ndiyo maana alinipa pia hojaji ya maswali 25 yanayojibiwa kwa ndiyo, wakati mwingine, au hapana: kama mlio unakufanya ushindwe kusoma, kama unakukasirisha na jamaa zako, kama unahisi huwezi kuukimbia. Hii nayo alikuwa akinitafsiria papo kwa papo, na mara mbili nilimsahihisha. Nilipata alama 46 kati ya 100, maana yake usumbufu wa wastani.

Maelezo ya majibu ndiyo sehemu niliyolipia kwa moyo mweupe. Karatasi yenyewe, inayoitwa odiogramu, ni ya Kiingereza na haimfai mtu asiyeelekezwa: mstari unaoshuka ndio mbaya, kinyume cha grafu nyingine zote tulizosoma shuleni, duara jekundu ni sikio la kulia na alama ya mkasi ya buluu ni la kushoto. Mistari yangu ilikwenda vizuri kwenye sauti nzito, ikatumbukia bondeni kwenye hezi 4000, desibeli 45 kulia na 55 kushoto, kisha ikapanda tena kwenye hezi 8000. Bonde hilo, alisema, ni alama inayofahamika ya masikio yaliyoumizwa na kelele. Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kuna chembe zenye vinyweleo zinazobadili mtetemo kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena, na zile za sauti nyembamba hutangulia kufa. Irabu, ambazo ni nzito na zenye nguvu, bado nazisikia. Ninazozipoteza ni s, f, th na sh. Kwa hiyo nasikia kwamba mtu anaongea lakini sipati alichosema, hasa akiwa mtoto au mwanamke, na hasa kukiwa na kelele. Kuhusu mlio, maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ubongo, ukikosa ishara kutoka sehemu iliyokufa, hujiongezea usikivu wenyewe, na kinachosikika ni mvumo wa jitihada hiyo.

Nilimuuliza daktari kuhusu picha ya kichwa ya MRI, kwa kuwa jamaa yangu alikuwa ameniambia nisiondoke bila hiyo. Kliniki nyingine ingeniandikia bila kusita. Yeye alinionyesha kwamba tofauti kati ya masikio yangu ni ndogo, kwamba mlio uko pande zote, na kwamba picha hutakiwa zaidi pale mlio au upungufu unapokuwa wa upande mmoja, ambapo huhofiwa uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, au pale mlio unapodunda pamoja na moyo. Alisema tutarudia kipimo baada ya miezi sita, na tofauti ikiongezeka picha itapigwa. Alinisisitizia jambo moja kwa kidole juu ya meza: usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa au siku chache, nisisubiri miadi wala nisinunue matone, nije siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kujaribu kuuokoa hufaa zikianza mapema. Kidonge cha kuondoa mlio hakuniandikia, kwa kuwa hakuna kilichothibitika, na zile vitamini za zahanati alizitazama akazirudisha kwenye mfuko bila neno.

Gharama yangu ilikuwa shilingi 40,000 kumwona daktari na 90,000 kwa vipimo vyote vya usikivu, pamoja na kutolewa nta. Ziara ya tatu, ya kujadili shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia, haikutozwa. Nilikwenda nikitarajia kuuziwa, lakini niliwekewa la majaribio sikio la kushoto nikakaa nalo saa nzima ukumbini, nikasikia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti ya karatasi inapofunuliwa, na mlio ukarudi nyuma kama mtu anayesogea kumpisha mwingine. Bei ilinizidi kwa sasa; hakuna aliyenishikilia. Badala yake nimeambiwa niache feni ya chumbani iwake usiku ili kusiwe kimya kabisa, ushauri niliouelewa mara moja, kwa sababu usiku ambao mvua ilipiga mabati ndio niliokuwa nikilala. Kazini nimeanza kuvaa vizibo. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Simu yangu, ambayo si kipimo rasmi, ilisoma 91 kando ya mashine ya kukunja, maana yake saa mbili tu.

Kwa uchunguzi na uaminifu wa kitaalamu naipa kliniki hii alama tisa kati ya kumi. Kwa mapokezi naipa mbili, moja ikiwa ni ya viti, ambavyo ni vizuri. Nimewaandikia barua kuhusu ubao wa namba, ujumbe wa kuwatahadharisha wagonjwa juu ya kelele kabla ya kipimo, mpira wa mlango wa kisanduku na karatasi moja ya Kiswahili ya kusomea odiogramu, ambayo nimejitolea kuisoma prufu bure. Meneja amejibu kwamba ubao umeagizwa. Miadi yangu ya kurudia kipimo ni Februari, saa tatu asubuhi, na safari hii nitakwenda kwa miguu.